Habari Ziwafikie

Waulize watu wazima waliokulia Tanzania ya miaka ya 70 na 80 ni saa ngapi watoto walikatazwa kabisa kupiga kelele nyumbani. Wengi watakutajia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na pamoja nayo matangazo ya vifo. Mama aliyekuwa anatwanga alisimamisha mchi. Baba alikisogelea kiredio na kuzungusha kitufe kidogo kidogo ili mkwaruzo upungue. Hakuna aliyejua ni nani atakayetajwa, na kwa sababu hiyo kila mtu alisikiliza.

Tangazo lenyewe halikubadilika umbo. Fulani bin Fulani wa Tandika, Dar es Salaam, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpendwa, kilichotokea jana hospitalini. Mazishi yatafanyika kesho saa kumi alasiri. Habari ziwafikie kaka wa marehemu aliyeko Urambo, dada wa marehemu aliyeko Newala, wajukuu walioko Shinyanga, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Halafu linalofuata, la msiba mwingine, wenye ndugu kwingine. Ukisikiliza mwezi mzima ulikuwa umeichora nchi kwa undugu wake: nani ametoka wapi, amekwenda kutafuta maisha wapi, ameolewa wapi.

Fikiria kazi iliyofanywa na sentensi hizo chache. Barua kutoka Dar es Salaam ingefika Newala matanga yameshaanuliwa. Simu ya maandishi ilifika posta ya wilaya na kusubiri mwenye nayo aje mjini. Redio ilifika papo hapo, lakini haikufika kwa mhusika mwenyewe, maana mara nyingi dada wa marehemu aliyeko Newala hakuwa na redio, au alikuwa nayo na betri zimekufa. Aliyesikia ni mwenye duka, au mwalimu, au kijana aliyekuwa anapita na kusimama kidogo barazani. Huyo ndiye aliyevaa kandambili zake na kwenda kumgongea. Hakuna aliyemlipa wala kumtuma. Ilikuwa inajulikana tu kwamba ukisikia jina la jirani yako likitajwa redioni, unalipeleka.

Nusu ya safari ya tangazo lile, basi, ilikwenda kwa mawimbi, na nusu ya pili kwa miguu ya watu. Tunapohesabu mafanikio ya redio ya umma huwa tunahesabu mitambo, kilowati na asilimia ya eneo linalofikiwa. Mimi nadhani tunahesabu nusu ya kwanza tu. Redio inakuwa ya umma pale wasikilizaji wanapokuwa na sehemu yao ya kazi, na historia ya utangazaji wa Tanzania inaonyesha hilo kwa uwazi ambao ni nadra kuupata kwingine.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza Julai 1951 kwa mtambo dhaifu uliotosheleza mji na viunga vyake. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 serikali huru ikalivunja shirika hilo na kuichukua redio mikononi mwake. Ndipo jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, lilipozaliwa. Visiwani, Sauti ya Unguja ikaja kuwa Sauti ya Tanzania Zanzibar. Redio za National na Philips zikaenea vijijini taratibu, zikivalishwa vitambaa vya kudarizi kama watoto wachanga. Waya wa antena ulipandishwa mwembeni. Betri zilizochoka zilianikwa juani ili zitoe nguvu ya jioni moja zaidi, na kila nyumba ilikuwa na mtaalamu wake wa kuamua lini sasa zimekufa kweli.

Mwaka 1973 redio hiyo ilipewa kazi kubwa kuliko zote ilizowahi kupewa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imekwisha kujaribu vikundi vya kusikiliza redio, kwanza kuhusu mpango wa maendeleo na uchaguzi, kisha mwaka 1971 kwa kampeni ya Wakati wa Furaha, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru. Makumi ya maelfu ya watu walishiriki. Waandaaji waliporudi mezani waliamua kuongeza ukubwa mara nyingi, na kuchagua jambo linalomgusa kila mtu: maradhi yanayozuilika. Kampeni ikaitwa Mtu ni Afya.

Utaratibu wake unastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna ujuzi ambao vituo vingi vya leo vimeupoteza. Kwa wiki 12, kundi lilikutana mara moja kwa wiki chini ya mti, darasani au kwenye ofisi ya chama. Lilikuwa na redio moja, kijitabu, na kiongozi aliyepata mafunzo mafupi. Viongozi wa namna hiyo waliofundishwa walikuwa wapatao 75,000. Kwanza walisikiliza kipindi: malaria wiki hii, kichocho wiki nyingine, kisha minyoo, kuhara, kifua kikuu. Kipindi kikiisha redio ilizimwa. Ilizimwa makusudi. Mtu anayejua kusoma aliwasomea wenzake ukurasa wa kijitabu, halafu kiongozi akauliza maswali ambayo majibu yake hayakuwemo kitabuni: hapa kwetu maji yanatuama wapi? Nani kati yetu hana choo? Tunakunywa ya kisima kipi, na ng'ombe wanakunywa wapi? Mjadala haukuruhusiwa kuisha hewani. Kundi lilitakiwa kuondoka na uamuzi, na wiki iliyofuata waulizane umefikia wapi.

Watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo wakati huo haikufika watu milioni 15. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Majani yalifyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi yakafukiwa, visima vikasafishwa. Ni kweli kwamba mkono wa chama ulikuwepo. Balozi wa nyumba kumi alipopita kukagua shimo la choo hakuja kama mgeni wa kawaida, na wako waliochimba kwa kumwogopa. Hata hivyo woga peke yake hauelezi ukubwa wa kazi ile. Amri za kuchimba vyoo zilikuwepo kabla ya redio na zitakuwepo siku zote. Lililokuwa jipya ni kwamba mwanakijiji wa Kasulu alijua kwamba saa ileile, chini ya mti mwingine, mtu wa Masasi ambaye hatamwona maisha yake yote anajadili dimbwi lake. Kituo kilichokuwa mbali kilimfanya aangalie vizuri zaidi uani kwake mwenyewe.

Miaka 2 baadaye utaratibu huohuo ulitumika kwa kampeni ya Chakula ni Uhai, na baadaye ukafifia. Fedha zilipungua, vita na uhaba vikaja, betri zikawa za kutafuta kwa tochi. Lakini somo lilibaki katika vichwa vya watangazaji, na tunalikuta tena Julai 1993, mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza.

Ulirushwa mara mbili kwa wiki, saa kumi na mbili unusu jioni, nusu saa kila mara. Mhusika aliyekumbukwa zaidi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake katika kila kituo cha barabara kuu, na mkewe Tunu aliyeachwa nyumbani na watoto. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju tangu majigambo yake hadi Ukimwi ulipommaliza, na walimfuata Tunu alipoanza biashara yake na kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Mambo ambayo baba hawezi kumwambia binti yake, wala mkwe kumwambia mkwewe, yalisemwa na Mkwaju na Tunu wakati wote wamekaa wanasikiliza. Baada ya kipindi ilikuwa halali kumzungumzia Mkwaju, na kwa kumzungumzia Mkwaju watu walizungumziana wao kwa wao.

Watafiti walitaka kujua kama mchezo huo unabadilisha kitu kweli, wakapanga jambo lisilo la kawaida. Kituo cha RTD Dodoma kiliweza kuyakata matangazo ya Dar es Salaam na kuweka ya kwake. Kwa miaka 2, tangu 1993 hadi 1995, eneo lake halikupata Twende na Wakati. Saa hiyo walisikia kipindi kingine. Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao walilinganisha. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda katika maeneo yaliyousikia mchezo, na Dodoma hayakupanda hivyo. Mwaka 1995 Dodoma nao wakaupata, na huko pia yakapanda. Ni mara chache sana mtu ameweza kuonyesha kazi ya redio kwa uwazi wa namna hiyo.

Matokeo hayo nayaheshimu, na bado kuna linalonisumbua. Miaka ile Ukimwi ulikuwa unazika vijana kila wiki. Kama waliosimamia jambo hilo waliamini kwamba mchezo unaweza kuokoa maisha, watu wa Dodoma walinyimwa kitu kilichokuwa tayari, ili wawe kipimo. Redio ya umma ina wajibu sawa kwa kila anayeishi ndani ya mawimbi yake, na sioni jinsi wajibu huo unavyoweza kusimamishwa kwa miaka 2 kwa ajili ya jedwali.

Upande wa pili wa kazi ya RTD ulikuwa wa furaha, na haukupangwa na mtaalamu yeyote. Kadi za salamu za kusomwa redioni ziliandikwa kwa kalamu ya wino, jina la mtumaji likipambwa kwa lakabu ya kujitungia, na orodha ya majina ikijazwa hadi pembeni mwa kadi. Kuna watu waliojulikana nchi nzima kwa kutuma salamu tu. Wasiokutana kamwe waliitana ndugu, wakaunda vyama, wakatembeleana na kuchangiana misiba. Kenya nayo ilikuwa na watuma salamu wake walioifanya idhaa ya Kiswahili ya taifa kuwa baraza lao. Anayekiona kipindi cha salamu kuwa upuuzi hajawahi kukaa mahali ambapo jina lake halitajwi na mtu yeyote.

Na muziki. Bendi ilikuwa haihesabiki kitaifa mpaka imerekodi kwenye studio za Barabara ya Pugu. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga zilisafiri na magitaa yao hadi Dar es Salaam. Mashairi yalipitiwa kwanza. Lisiloafikiwa lilirudi na bendi yake. Kisha bendi nzima ilipiga mara moja, kwa pamoja, mkanda ukizunguka. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, waliotaka kuuza walikwenda Nairobi. Kwa hiyo mikanda ya RTD ndiyo kumbukumbu pekee ya nyimbo nyingi za zama hizo, pamoja na ngoma za makabila, tenzi, hotuba na hadithi ambazo Debora Mwenda aliwasimulia watoto katika Mama na Mwana. Mikanda huoza. Kila mwaka unaopita bila kuhamishiwa kwenye kompyuta ni sauti zinazopotea, na zinazopotea ni mali ya miji na vijiji vilivyowatuma vijana wao wakapige.

Nimesifu, na sifa hizi zina kikomo chake. Kwa karibu miaka 30 Tanzania Bara ilisikia sauti moja. Taarifa ya habari ilianza na alichofanya rais, ikaendelea na alichosema waziri, na mkulima aliingia kama mtu anayehimizwa. Aliyepinga sera hakupata kipaza sauti. Watawala na waasi walijua vilevile thamani ya studio: Januari 1964 John Okello aliyatangaza mapinduzi ya Zanzibar kwa redio, na Agosti 1982 wanajeshi waasi wa Nairobi walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mtu aliyeipenda kazi ya kufundisha ungwana, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Chombo kinachoshikwa na mkono mmoja kinamtii yeyote atakayeukata mkono huo.

Jibu la haraka ni kusema tuachane na redio za serikali, tuwe na redio zilizo karibu na watu. Jibu hilo lina doa la damu. Julai 1993, mwezi uleule ambao Twende na Wakati ilianza Dar es Salaam, redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali, Rwanda. Haikuwa redio ya serikali kwa jina. Ilikuwa na muziki mzuri wa Kongo, utani, mazungumzo ya mtaani; ukiilinganisha na Radio Rwanda iliyokakamaa, ilionekana kama rafiki. Kuanzia Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, ilitaja watu kwa majina, magari yao, mahali walipojificha. Wasikilizaji walifanya sehemu yao: walikwenda. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika na kituo hicho.

Nguvu inayomfanya mtu asimame na kupeleka habari ya msiba kwa jirani ndiyo ileile iliyowapeleka wasikilizaji wa RTLM. Ukaribu peke yake hausemi lolote kuhusu wema wa kituo. Swali ni kituo kinawajibika kwa nani, na kama wanaotajwa ndani yake, wote, bila kubagua, wana njia ya kukijibu.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango Tanzania. Radio One ilikuja 1994, nyingine zikafuata, na RTD ikapoteza vijana wa mijini ambao hawajarudi hadi leo. Ikabadilishwa jina na muundo: Taasisi ya Utangazaji mwaka 2002, Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) mwaka 2007. Katika kipindi hichohicho zilizaliwa redio za jamii. Terrat, Simanjiro, mahali ambapo wafugaji wa Kimaasai walikuwa wakipata habari za ardhi yao baada ya maamuzi kufanyika, Orkonerei ilianza mwaka 2002. Sengerema, Pangani na Micheweni kule Pemba nao wakapata vituo vyao. Afrika Mashariki ingeweza kuanza mapema zaidi: Homa Bay, Kenya, ilikuwa na redio ya jamii tangu 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikizungumza Kijaluo na watu wa ziwani, hadi serikali ilipoifunga baada ya muda mfupi.

Nazipenda redio hizi, na ndiyo maana naona vibaya zikiachwa zijitegemee kwa jina la uhuru. Mfadhili akiondoka, hubaki kijana anayejitolea bila posho, kompyuta moja, na umeme wa LUKU unaoisha katikati ya taarifa ya habari. Mteja mkubwa wa matangazo wilayani mara nyingi ni halmashauri. Mhariri anayetaka kumuuliza mkurugenzi fedha za mradi wa maji zimekwenda wapi anajua kwamba mkurugenzi huyohuyo ndiye anayelipa umeme wa mwezi ujao. Wengi hawaulizi. Fungu la umma lisilopitia mikononi mwa halmashauri, likitolewa kwa masharti yanayojulikana na wote, lingewapa uti wa mgongo. Na TBC, yenye mitambo mirefu na waandishi wachache mikoani, ingefaidika kuwa na watu hao kama masikio yake badala ya kuwachukulia kama wadogo zake.

Maana kuna kazi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa mikoa ya pwani na visiwa. Tahadhari ilikuwa sahihi na ilikuja mapema. Lakini mvuvi wa Mafia ambaye amekwisha kununua barafu na mafuta ya mashine, na anadaiwa vyote viwili, haamui kwa kusikia jina la mkoa na kasi ya upepo kwa kilomita. Anataka kuambiwa leo usiku asitoke, mashua zipandishwe ufukwe upi, waliokwisha kwenda dago, kwenye kambi za uvuvi, wapigiwe na nani, na aambiwe na sauti anayoijua. Kituo cha kusema hayo kinahitaji mtangazaji aliyewahi kukanyaga visiwa vya Jibondo na Chole, jenereta lenye mafuta, na ruhusa ya kukatiza muziki saa tisa usiku bila kusubiri barua kutoka makao makuu. Kama ningepewa bajeti ya utangazaji wa umma niigawe, ningeanzia hapo, na studio mpya ya mjini ingesubiri zamu yake.